Shangazi Polepole, Mtuliza Nyuso

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa za kazi zikiisha, muuguzi mkuu wa kitengo chetu cha upasuaji wa ubongo atavua koti jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na minne, na Jumatatu hatakuwapo. Kwenye barua ya kustaafu ameandikwa kwa jina lake kamili na vyeo vyake vyote. Humu ndani hakuna anayemjua kwa hayo. Sisi, wagonjwa wetu, walinzi wa getini, na hata mkurugenzi akijisahau, tunamwita Shangazi Polepole.

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme wa chumba cha upasuaji. Kamati ya sherehe imenipa kalamu kwa sababu, walivyosema, hakuna aliyegombana naye kunishinda mimi. Ni kweli tupu. Mimi ni mtu wa haraka. Kitu kikiharibika sasa, nataka kipone sasa hivi. Yeye ukimwambia moto unawaka atauliza unawaka upande gani, kisha ataanza kutafuta miwani. Na tafadhali msinianzie na methali ya haraka na baraka. Nimeisikia kwake mpaka naiota.

Alianzia wodi ya watoto, akiwa msichana mwembamba kama ufito. Hayo ni maneno yake, picha hatujaonyeshwa. Huko alijifunza kuchoma sindano mtoto akiwa bado anacheka. Kisha akahamishiwa chumba cha upasuaji, akawa mtu wa kuogopwa kwa mambo mawili: usafi wa mikono, na ndara zake za bluu. Ole wako uzivae. Daktari mmoja mgeni alizivaa siku yake ya kwanza bila kujua, na mpaka leo, ingawa sasa ni bingwa mwenye wanafunzi wake, akimwona Shangazi kwenye ukumbi hutazama miguu yake mwenyewe kwanza.

Kitengo kilipoanza matibabu ya kuweka nyaya kwenye ubongo, yeye ndiye aliyepelekwa masomoni. Alirudi akiwa na ujuzi ambao wakati ule hakuna aliyekuwa nao hapa. Kwa wageni wetu wa leo nieleze kidogo. Kuna ugonjwa unaoitwa distonia, ambapo misuli hujikaza yenyewe bila mwenyewe kutaka. Ukishika uso, macho hujifumba kwa nguvu, taya huvutwa upande, midomo hujikunja. Si kichaa, wala si madeko. Dawa na sindano za kulegeza misuli huwasaidia wengi. Wale ambao hazikuwasaidia kabisa, baadhi yao huja kwetu. Daktari hupitisha nyaya mbili nyembamba kama tambi hadi ndani kabisa ya ubongo, mahali panapotoa amri kwa misuli. Nyaya hizo hushuka chini ya ngozi, nyuma ya sikio, shingoni, mpaka kwenye kimashine kilichofichwa kifuani, chini kidogo ya mtulinga. Kimashine hutuma umeme mdogo mdogo, mchana na usiku.

Kuweka ni kazi ya daktari. Kurekebisha umeme ule, uwe kiasi gani na upite wapi, ndiyo kazi aliyoifanya Shangazi mpaka ikawa kama kupika kwa mtu aliyelelewa jikoni. Anabandika kifaa chake kifuani mwa mgonjwa, anaongeza chembe, anasubiri. Anaongeza chembe nyingine, anakunywa chai. Mgonjwa anaulizwa anajisikiaje, anajibu, Shangazi anapunguza nusu ya ile chembe. Mimi nikiwa mlangoni nimeshika kichwa.

Na njia yake ya kupima ilikuwa ya ajabu. Anabishana. Mgonjwa akikaa tu kitini, Shangazi anamchokoza kwenye kazi yake mwenyewe. Fundi cherehani alimwambia bitana ni kupoteza kitambaa. Mwalimu wa hesabu alimwambia desimali ziliwekwa kwa ajili ya mapambo. Mwalimu yule alikuwa mtu mzima, mpole, mcha Mungu, lakini alisimama kitini akaomba chaki. Sababu yake Shangazi ni hii: mtu akijua anatazamwa uso, uso huharibika zaidi, mtu akibishana, husahau kwamba ana uso. Taya, ulimi na midomo hufanya kazi kweli kweli, na umeme ukigusa pasipotakiwa, maneno huwa mazito papo hapo nawe ukasikia. Madaktari wetu waliicheka njia hiyo kwa muda, kisha wakaanza kumpa mada za kubishania.

Sasa nifike kwa kinyozi, maana kila aliyesikia naandika wasifu huu ameniuliza kama kinyozi yumo.

Kinyozi ana duka mtaa wa nyuma ya kituo cha mabasi: viti viwili, kioo kirefu, pazia la shanga mlangoni. Miaka kadhaa iliyopita jicho lake la kushoto lilianza kujifumba lenyewe. Wateja walimwona kwenye kioo wakadhani anawakonyeza. Mama mmoja aliyemleta mwanawe kunyolewa alimbeba mtoto akaondoka naye, nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina. Habari zilimfikia mke wa kinyozi kabla kinyozi hajafika nyumbani, na jioni ile mwanamume wa watu alipakuliwa chakula bila kusemeshwa. Akaapa kwa kila kinachoapiwa. Mkewe akamwambia basi amwonyeshe jicho hilo linalokonyeza lenyewe. Akamwonyesha, likakataa kukonyeza.

Utani uliisha jicho la pili lilipofuata. Kisha taya. Kinyozi aligundua kwamba akipiga mluzi macho hufunguka kidogo, ikawa ananyoa akipiga mluzi, na pumzi ikimwishia anasimamisha wembe hewani mpaka apate nyingine. Niambieni nani atakaa chini ya wembe huo. Wateja walimpenda, lakini masikio yao waliyapenda zaidi. Mwishowe alimwachia duka shemeji yake, kaka wa mkewe, kijana mwenye moyo mzuri anayejua mtindo mmoja tu wa kunyoa na anayempa kila mtu huo huo. Kinyozi akawa anakaa kwenye benchi la wateja, macho yamefumba, anasikiliza jinsi kazi yake inavyoharibiwa.

Alipokuja kwetu hakuomba kupendeza. Aliomba kiti chake tu. Alituambia waziwazi kwamba mwanamume akishindwa kushika wembe wake, hata ukimpa chakula na kitanda, umempa nusu.

Siku ya upasuaji alikuwa macho, kama wanavyokuwa baadhi yao, ganzi kichwani tu. Shangazi aliingia chini ya shuka za kijani karibu na uso wake, akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya upole kwamba yeye siku zote ameamini nywele hunyolewa kuanzia juu kushuka kisogoni na wembe hauhitaji kunolewa kila mara. Tulisikia mguno. Kisha tukasikia somo. Kinyozi, fuvu likiwa wazi, alimfundisha mama yule mambo ya wembe kwa ukali kiasi kwamba daktari mkuu alisimamisha kazi na kuwasihi wote wawili, tafadhali, washushe sauti kidogo, kuna watu wanafanya kazi hapa. Nyaya zilikaa vizuri mno. Daktari alisema hajawahi kusikia mgonjwa anayetamka vizuri namna ile.

Wiki chache baadaye, kidonda kimepona, ikafika siku ya kuwasha kimashine. Mke wa kinyozi alikuja amevaa gauni jipya, shemeji amevaa tai, simu zimeshikwa tayari kurekodi muujiza. Shangazi akawasha. Kikatokea nini? Hakuna. Mke yule anayo video mpaka leo: mumewe amefumba macho, taya limekwenda pembeni, Shangazi anakunywa chai. Alilia, na hakuna aliyemlaumu. Shangazi akakaa naye kwenye benchi, akamweleza kwamba kwa ugonjwa huu umeme hautoi amri, unafundisha, na misuli iliyozoea ukaidi miaka yote hiyo haitii siku moja. Mimi nilinong'ona kwamba si angeongeza tu. Alinigeukia na jicho ambalo mnalijua nyote.

Alikuwa sahihi kusubiri, na sisemi hivyo kwa furaha. Mwezi hadi mwezi, chembe kwa chembe, uso ule ukaanza kutulia. Kwanza taya, halafu macho. Siku moja kinyozi alikaa kliniki muda wote wa ubishi wao, macho wazi, kisha akamtazama Shangazi vizuri. Akamwambia kwamba kwa sauti ile alidhani ni mama mnene. Shangazi alicheka mpaka akaweka kifaa chini.

Familia ilisherehekea, kila mmoja kwa namna yake. Shemeji, kwa furaha ya kumwona kinyozi anarudi dukani kufanya mazoezi, alinunua spika kubwa, ndefu mpaka kifuani, akaiweka kati ya viti viwili. Mtaa mzima ukajua kinyozi amepona.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuharibika. Kinyozi alirudi kliniki uso umejikunja kama zamani. Shangazi akabandika kifaa chake: kimashine kimezimwa. Akakiwasha, na kwa kuwa misuli ilishajifunza, uso ukatulia tena kwa siku kadhaa, kisha akarudi, na kimezimwa tena. Ikatokea hivyo mara ya tatu. Hapo kila mtu akawa mpelelezi. Madaktari walihofia waya umelegea, ikaanza kutajwa habari ya kumfungua upya. Mimi nilishuku umeme wa dukani. Na kwa kuwa rimoti ndogo ya kimashine ilikaa kwenye mkoba wa mke wa kinyozi, mtu fulani wa idara yetu, simtaji, aliuliza kwa upole kama labda mama hubonyeza kwa bahati mbaya. Mama yule aliinuka. Alituuliza sote kama tunamwona ni mwanamke wa kumzima mume wake kama taa ya chooni. Nilichunguza dari.

Kinyozi mwenyewe alikuwa amefika mwisho. Alisema kuonja macho kisha kunyang'anywa ni kubaya kuliko kukaa gizani moja kwa moja, na kwamba kama tunamfungua upya basi tuutoe mtambo wote, abaki na benchi lake. Shangazi alikuwa amebakiwa na wiki chache tu za kazi. Likizo alizolimbikiza zingemruhusu kuondoka hata siku ile, na utawala ulishamwandikia kumkumbusha. Nilimkuta chumbani kwake barua iko mezani, anafuta machozi kwa kipande cha pamba. Akaniambia kuwa angeweza kustaafu bila zawadi na bila hotuba, lakini si kwa kumwacha mtu yule akiwa amefumba macho. Sijawahi kumwona hivyo. Nilitaka kusema kitu cha maana, nikamwambia tu kwamba pamba ile ni ya stoo yangu.

Kesho yake alisema twende dukani tukamwone mtu wetu mahali anapofanyia kazi. Nilibeba vipimo vyangu vyote. Kwa muda mrefu nilikuwa sakafuni, kati ya nywele za watu, nikipima soketi moja baada ya nyingine na kutangaza kwamba tatizo liko karibu kupatikana. Soketi zilikuwa nzima kuliko mimi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi. Alimwasha kinyozi kwa kifaa chake, akasubiri uso utulie, kisha akaanza yake: akasema mstari wa nywele za mbele haupimwi kwa macho, ni bahati tu.

Kinyozi hakuweza kuvumilia. Alimkalisha shemeji kitini, akainama kumwonyesha jinsi mstari unavyopimwa. Na ili macho yake yalingane na paji la uso la mtu, alifanya alivyozoea kufanya tangu spika ile iletwe: aliegemeza kifua juu yake, upande ule ule wa kimashine. Alieleza, akaeleza, na taratibu jicho la kushoto likaanza kucheza. Shangazi aliinuka, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akiwa na haraka, akabandika kifaa. Kimezimwa. Akawasha, akamwomba aonyeshe tena. Akaegemea. Kimezimwa.

Ndani ya spika kuna sumaku kubwa, na vimashine vya toleo lile sumaku ya namna hiyo ikivisogelea huvizima. Onyo lipo, sote tulilisoma, na sote tulifikiria milango ya ukaguzi na mitambo ya viwandani. Nani angefikiria zawadi ya shemeji? Maskini kijana alishika kichwa, akakimbilia kuzima muziki. Ilibidi nimweleze kwamba sumaku haijali wimbo. Aliibeba spika ile peke yake mpaka ng'ambo ya barabara, na hakuna mtu aliyejua amepata wapi nguvu. Mke wa kinyozi alipopigiwa simu alitaka kila mmoja wetu apewe simu, mmoja mmoja, na kila mmoja akapata hotuba yake. Yangu ilikuwa ndefu.

Ningependa kusema mambo yakaisha hapo. Uso ulitulia ukakaa. Habari ya kumfungua upya ikafutwa. Kinyozi alikuwa na macho mawili yanayoona, wembe alionoa mwenyewe, na kiti chake. Alichokosa ni mtu wa kukaa juu yake. Watu wa mtaa walikuja wakampa mkono, wakamsifu Mungu, wakamwambia anapendeza, kisha wakakaa foleni kwa shemeji. Walijua macho yamefunguka, ila hawakujua yatabaki wazi mpaka lini. Wiki nzima kinyozi alisimama nyuma ya kiti kitupu, anakifuta vumbi ambalo halikuwapo.

Jumamosi iliyopita tulipita pale, mimi na Shangazi, kumkabidhi tarehe ya kukutana na muuguzi mpya kliniki. Duka limejaa. Foleni ya shemeji imefika kwenye pazia la shanga. Shangazi aliangalia foleni, akaangalia kile kiti, akaangalia mtu aliyesimama nyuma yake. Kisha akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akanipa nikishike. Akakaa. Akamwambia kinyozi anyoe zote, na amalizie kwa wembe.

Shemeji alizima mashine yake. Kinyozi aliuliza kama ana hakika, akajibiwa aache maswali, mteja ana haraka. Nywele zile za mvi zikaanza kuanguka. Kisha povu, kisha wembe: paji la uso, nyuma ya masikio, kisogo. Nilimtazama kinyozi usoni kwa sababu sikuthubutu kutazama wembe. Macho yake yalikuwa wazi, yametulia, na yalikuwa yamejaa machozi ambayo aliyafuta kwa mkono wa shati bila kuacha kazi. Shangazi alipoulizwa leo mbona habishi, alisema yeye ni mzee, si mjinga, habishani na mtu aliyeshika wembe shingoni mwake.

Kinyozi alipomaliza alimzungushia kioo cha mkononi. Hakukuwa na hata mkwaruzo. Mzee mmoja aliyekuwa wa tatu kwenye foleni ya shemeji alihama, akasimama karibu na kiti cha kinyozi. Mwingine akamfuata. Mimi nilikuwa wa tatu. Siku hiyo nilisubiri zamu yangu muda mrefu kuliko nilivyowahi kusubiri kitu chochote, na sikulalamika.

Kwa hiyo, wageni waalikwa, Shangazi akiingia ukumbini Ijumaa na kichwa kinachong'aa, msishtuke na wala msimpe pole. Haumwi. Huyo ndiye muuguzi wetu kwenye kazi yake ya mwisho.

Shangazi, ahsante kwa kila uso ulioutuliza, kwa kila mke uliyekaa naye kwenye benchi, na kwa kutuvumilia sisi wenye moto miguuni. Muuguzi uliyemfundisha yuko tayari, na ameshaanza kunibishia. Tunakuombea afya, usingizi mnono, wajukuu watundu na chai isiyokatizwa na simu ya wodini. Nywele zako zitaota tena karibuni. Pengo unalotuachia sisi, hilo sidhani kama litaota kitu.